Upande wa Pili wa Ukuta

Mji ule haukuwa na wenyeji. Ulikuwa na mtaa mmoja wenye nyumba pande zote mbili, ngazi za zege, balkoni zisizojua nguo ya kuanikwa, na duka ambalo halijawahi kuuza hata kiberiti. Jeshi liliujenga ili askari wa miguu wajifunze kupigana mjini, chumba kwa chumba, na tangu ujengwe ulikuwa ukivamiwa na kukombolewa, ukivamiwa na kukombolewa, maskini, bila mtu wa kuuonea huruma. Wafu wake wote walikuwa wa mbao. Mpaka juzi, alipokufa mtu kweli.

Aliyekufa alikuwa sajini, mwalimu wa usalama katika mazoezi. Aliyewekwa ndani kwa kumuua alikuwa koplo, mdogo wa mke wa marehemu. Shemeji kamuua shemeji. Kambi nzima ilikuwa na habari hiyo kabla maiti haijafika hospitali. Meja, mkuu wa mafunzo, alikuwa ameshakata kauli: koplo alifyatua hovyo, risasi ikapita kwenye mlango wa ndani, ikamkuta sajini amesimama pale. Wengine waliongeza chumvi yao. Walisema haikuwa hovyo, ilikuwa makusudi.

Kazi ya kuchunguza alipewa kapteni wa polisi wa jeshi, mama mmoja mwembamba, mtaratibu, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shabaha. Askari walimwita Sindano kwa sababu aliingia kimya na maumivu yakaja baadaye. Jina hilo alilijua na halikumkera. Kilichomkera asubuhi ile ni saa ya ukutani. Mazishi yalikuwa alasiri, na mjane alikuwa ametuma neno kambini kwamba mdogo wake asionekane makaburini. Sindano asipopata jibu mapema, dada yule angemzika mume na kumtupa ndugu yake kwa siku moja.

Akaanzia mahabusu.

Koplo alisimama kwa ukakamavu alipomwona, lakini kola yake ilikuwa wazi mpaka kifuani. Sindano aliiangalia kola, akavuta kiti.

"Kaa. Mligombana nini wewe na shemeji yako?"

"Afande, hatukugombana."

"Wenzako bwenini walimsikia akipiga kelele: wewe utakuja kuniua. Wamesikia vibaya?"

Koplo akainamisha kichwa. "Wamesikia sawa. Tulikuwa tunabishania bunduki."

"Nieleze kama mtu asiyejua."

"Si unajua kuna kamati imekuja kuchagua bunduki ya vikosi vya mjini, afande? Ile ya zamani ya risasi nene, tunaiita Babu. Na hii mpya ya risasi nyembamba, tunaiita Mjukuu. Mimi nampenda Babu. Adui akijificha nyuma ya ukuta, Babu anamfuata hukohuko. Shemeji alikuwa hataki hata kumsikia. Alisema Babu ni mzito kwenye ngazi, anakupiga bega, na risasi yake ikitoboa ukuta haiulizi nyuma kuna nani. Mimi nasimama nyuma ya kuta hizo, alisema, ukija na huyo Babu wako wewe utakuja kuniua. Tukacheka wote. Wanaosimulia wanaruka hapo tulipocheka."

Akajipangusa uso kwa kiganja. Sindano akaendelea kana kwamba hakuona kitu.

"Siku ile ulibeba ipi?"

"Mjukuu. Kikosi chetu kilipewa Mjukuu, kikosi cha pili Babu, wao wakapewa nyumba za mwisho wa mtaa, zile za kuta za matairi yaliyojazwa mchanga. Sisi nyumba za tofali."

"Risasi za moto?"

"Za moto. Kamati ilikuwa jukwaani inatutazama."

"Ulijaza magazini yako saa ngapi?"

"Sikujaza, afande. Tulikuta zimeshajazwa. Meja mwenyewe alitugawia mkononi, mmoja mmoja."

"Kawaida yenu ndiyo hiyo?"

"Hapana. Kawaida kila mtu anajijazia. Tulijua ni kwa ajili ya wageni, mambo yaende haraka."

"Haya, umefika mlangoni. Fanya kama ulivyofanya."

Koplo akasimama, akajibanza upande wa kulia wa mlango wa mahabusu kama vile ndani kuna adui. Mikono yake mitupu ikashika bunduki isiyokuwepo, kwanza bega la kulia, kisha ikaihamishia bega la kushoto. Akachungulia ndani, jicho moja tu likionekana.

"Mbona umebadili bega?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Ukuta ukiwa kuliani kwako, weka kitako bega la kushoto, usitoe mwili wote nje. Shabaha ilikuwa kona ya kushoto, ukuta wa mbele yangu. Nikaipiga."

"Na mlango wa ndani, wa kwenda chumba cha pili?"

"Uko kulia kabisa mwa ukuta uleule. Kwa pale niliposimama siuoni, afande. Meja anasema nilipiga mlangoni. Ningepigaje kitu nisichokiona?"

"Sogeza kola, nione shingo."

Upande wa kulia wa shingo kulikuwa na mchirizi wa kuungua, mwekundu, bado unatoa majimaji.

"Ganda la risasi?"

"Liliniingia kwenye kola. Nilimwonyesha Meja, akasema alama za moto kila askari anazo."

Ni kweli kila askari anazo, lakini si mahali popote. Anayefyatulia bega la kulia, ganda la moto humrukia mbali kuliani. Anayefyatulia bega la kushoto, ganda humkatiza usoni, na akikosa bahati hushuka shingoni upande wa kulia. Mtaani siku ile koplo alifyatua mara moja tu na akakamatwa palepale. Kwa hiyo alikuwa amesimama anakosema amesimama, na mlango wa ndani hakuuona. Kijana alikuwa mkweli, sawa. Sasa sajini alikufa kwa risasi ya nani?

"Afande," koplo aliita Sindano alipokuwa anatoka. "Kama si mlangoni, basi si mimi. Mjukuu hatoboi ukuta. Nani asiyejua hilo? Itakuwa ni wale wa Babu. Mwambie dada, tafadhali. Mwambie si mimi."

Sindano hakumwahidi.

Kwenye nyumba ya tatu, alimofia sajini, alimkuta fundi wa silaha anamsubiri kizingitini, mzee wa tumbo na maneno mengi, amekalia kasha la risasi. Alikuwa amekuja na bunduki zote mbili na nadharia moja.

"Babu," alisema kabla ya salamu. "Weka akiba ya nguvu zako, Kapteni. Kuna mtu kule mwisho wa mtaa alipiga nje ya mstari, risasi ikakatiza barabara, ikatoboa nyumba hii. Hicho kitu hakina adabu. Mimi nilishasema."

"Huenda. Njoo tuangalie."

Chumba cha kwanza kilikuwa kitupu, ila adui wa mbao amesimama kona ya kushoto, tundu moja safi katikati ya kifua. Ukuta nyuma yake ulijaa viraka vya plasta. Kila baada ya mazoezi askari walipita na ndoo ya saruji na mwiko, wakaziba mashimo, ili wiki inayofuata mji uwe mzima tena wa kuvamiwa. Kiraka juu ya kiraka, miaka na miaka. Sindano alipapasa vilivyokuwa nyuma ya shabaha. Kimoja kilikuwa bado na unyevu.

"Nani aliziba juzi?"

"Zamu ya usafi. Jioni ileile."

"Mtu amefia hapa na wao wakaja na ndoo?"

Fundi alionyesha aibu kwa niaba yao. "Hakuna aliyewaambia wasije. Mazoezi yakiisha, watu wanaziba. Wangeziba hata kwa macho yaliyofumbwa."

Sindano hakuwakasirikia. Jeshini mtu hufanya alichozoea hasa pale asipojua afanye nini, na juzi jioni hakuna aliyejua afanye nini.

Akaingia chumba cha pili. Doa la damu lilikuwa karibu na mlango wa ndani. Meja aliliegemea doa hilo katika maelezo yake. Lakini matabibu walisema walimkuta majeruhi mbali zaidi, wakamvuta mlangoni penye mwanga ili wamfunge jeraha. Sindano aliligeuzia doa mgongo, akautazama upande wa nyuma wa ukuta ule wenye viraka.

Upande huu ukuta ulikuwa laini, rangi ya kijivu iliyofifia kwa vumbi. Walimu wa usalama walisimama hapa kwa sababu risasi hazikuwahi kufika hapa. Hakukuwa na kiraka hata kimoja. Isipokuwa kimoja, kona iliyo mbali na mlango, usawa wa kifua cha mtu mzima, kibichi, kimelainishwa kwa mwiko kwa uangalifu mkubwa.

Fundi alikiona sekunde ileile, akasogea.

"Vijana wameziba tundu lolote waliloliona," Sindano alisema. "Hawakujiuliza lilifikaje huku."

Alikuna plasta kwa kisu, polepole. Nyuma tofali lilikuwa limemeguka kama kikombe, lakini ndani zaidi tundu lilikuwa jembamba na limenyooka. Akapitisha waya mpaka ukatokea chumba cha kwanza, nyuma ya shabaha, akafunga uzi kwenye ncha yake. Akamwambia fundi auvute uzi ukiwa umenyooka mpaka utakapotoka nje ya nyumba. Uzi ulipita katikati ya kifua cha adui wa mbao, ukavuka chumba, ukatoka mlangoni na kugusa fremu ya kulia, usawa wa bega. Palepale aliposimama koplo.

"Haikutoka barabarani," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Lete risasi ya Babu."

Akaiingiza kwenye tundu. Ikagota mdomoni, ikakataa. Ile ya Mjukuu ikaingia bila kulalamika.

Sindano alikuwa ametamani, na hakuona haya kukiri moyoni, kwamba iwe risasi nene. Ingekuwa ya mtu asiyemjua, kutoka nyumba asiyoijua, na jioni ile dada mtu angemkumbatia mdogo wake. Sasa uzi ulikuwa umekaza kati ya ukuta na bega la yule kijana.

"Lakini Mjukuu hatoboi ukuta," fundi alisema, karibu anasihi. "Nakuapia. Nimepiga maelfu."

"Piga moja zaidi."

Walihakikisha chumba cha pili ni kitupu, wakafunga njia kwa kamba nyekundu. Fundi alijaza risasi ya kawaida kutoka ghalani kwake, akasimama mlangoni, akapiga kando ya shabaha. Vumbi likaruka, vipande vya saruji vikadondoka. Wakazunguka kuangalia nyuma. Rangi ya kijivu haikuwa hata na ufa.

"Umeona?"

"Nimeona. Sasa tazama hiki."

Akatoa mfukoni kimfuko cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma alichopewa na daktari, kidogo kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Meja alikuwa amekiita mabaki ya risasi iliyovunjika. Lakini Sindano tangu jana kilikuwa kinamkera: kitu kilichovunjika hakibaki na ncha kali namna ile. Akatoa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio, akaisogeza. Kipande kikaruka na kuganda.

Fundi akakaa chini kwenye sakafu, tumbo na yote.

"Risasi zetu za kawaida moyo wake ni laini," alisema. "Zikigonga ukuta zinapondeka, sumaku haizitaki. Hiyo ni ya ncha ya chuma. Ni ya kutobolea. Ukubwa uleule, inaingia bunduki ileile, kwa macho huijui mpaka uangalie rangi kwenye ncha. Kapteni, hiyo haijatoka ghalani kwangu. Sijawahi kuwa nazo."

"Nakuamini. Na ukiweka kwenye magazini iliyoshajazwa, askari ataona nini?"

"Ya juu kabisa tu. Hiyo unaweka ya kawaida, nani atajua?"

"Na ya juu hiyo?"

Fundi akafikiri. "Kabla ya kuingia mtaani wote hupiga moja ya kujaribu kwenye kilima cha mchanga. Ndiyo hiyo ingetoka."

Meja alikuwa ofisini, amevaa sare ya sherehe, anapiga brashi kofia. Yeye ndiye aliyepangwa kumkabidhi mjane bendera. Mezani ilikuwepo tayari, imekunjwa pembetatu.

"Kapteni. Umemaliza? Tuna mazishi."

"Nimebakiza swali. Kamati ilikuwa inasemaje kuhusu Mjukuu?"

Meja aliguna. "Wazee wale? Wanasema ni bunduki ya kuchezea. Wanasema vita ya mjini ni vita ya kuta, na risasi isiyotoboa ukuta ni mzigo wa bure. Hawajapanda ngazi ya ghorofa na Babu mgongoni, hao. Hawajui kijana akibeba risasi nyembamba anabeba mara mbili. Nimepigania bunduki hii miaka, Kapteni. Itaokoa maisha ya vijana wengi."

"Inawezekana kabisa. Ndiyo maana ukataka waone ukuta unatoboka?"

Brashi ikasimama.

Sindano aliweka kimfuko juu ya meza, kando ya bendera, na sumaku juu yake. Nje kikosi cha heshima kilikuwa kinafanya mazoezi ya kubeba jeneza kwa jeneza tupu, na sauti ya anayehesabu hatua ilisikika wazi.

"Ilikuwa maonyesho tu," Meja alisema hatimaye. "Baada ya zoezi ningewapeleka nyuma, ningewaonyesha tundu. Mtu angebisha nini tena?"

"Vijana hukuwaambia."

"Wangeropoka kwa kamati."

"Na sajini?"

"Nilikusudia kumwambia asubuhi. Wageni wakawahi kufika, nikazongwa, nikajua... nikadhani atabaki nje na wengine."

"Kwa nini ulidhani hivyo?"

Meja aliigeuzageuza kofia.

"Ni wewe uliyemfundisha kusimama pale," Sindano alisema. "Ni wewe unayewaambia walimu wote: Mjukuu akiwa kazini, nyuma ya ukuta ni salama. Alikuamini mpaka mwisho. Na ulipoona amekufa, badala ya kusema, ulimsogeza mlangoni kwa maneno na ukamwachia mzigo shemeji yake."

"Nilichanganyikiwa."

"Juzi ulichanganyikiwa. Jana ulikuwa mzima, na kijana alikuwa ndani."

Uso wa Meja ulianguka. Alikaa, akaishika kofia magotini kwa mikono miwili. Sindano alimwonea huruma, kwa sababu mtu yule aliipenda kazi yake na alikuwa amelilia kweli kifo kile; askari walimwona. Lakini huruma haikubadilisha hatua yake.

"Niruhusu nimpe mjane bendera," Meja aliomba. "Baada ya hapo nitakuja mwenyewe."

"Hapana, afande. Ataipeleka mwingine." Akawaita askari wawili waliokuwa mlangoni.

Mjane alifika kambini kabla ya msafara kuondoka, kwa sababu Sindano alimtumia gari. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga khanga nyeusi kichwani, macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia yote. Hakutaka kukaa.

"Nimeambiwa una neno. Sema upesi, mume wangu ananisubiri."

Sindano angeweza kumpa nusu yake. Nusu hiyo ilikuwa ya kweli: mdogo wako hakufanya kosa, mwenye kosa ameshikwa. Angeweza kuishia hapo, na koplo naye angeishi akiamini ilikuwa risasi ya mtu mwingine. Lakini mahakama ingesema siku moja, mbele ya watu, na hawa wawili wangeisikia humo wakiwa wamekaa mabenchi tofauti. Akaufungua mlango wa mahabusu, akawasimamisha uso kwa uso, akasema yote. Bega la kushoto. Uzi. Sumaku. Meja. Alisema polepole, bila kupamba.

Koplo alisikiliza mpaka mwisho. Alipoongea sauti ilikuwa ya mtoto.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni risasi yako," Sindano alisema. "Si kosa lako. Yote mawili ni kweli, na sina namna ya kukupunguzia moja."

Koplo alijishika ukutani. Dada yake hakusogea. Alimtazama mdogo wake, na Sindano, aliyekwisha kuona watu wengi wakisamehe na wengi wakikataa, hakuweza kujua hapa litatoka lipi.

"Ulimwona?" dada aliuliza.

"Sikumwona, dada. Nilijua yuko nyuma ya ukuta. Nilijua yuko salama. Wallahi nilijua yuko salama."

"Yeye ndiye aliyekuambia hivyo?"

"Kila siku alikuwa ananiambia."

Dada akapiga hatua, akamshika mdogo wake kola, kwa nguvu, na Sindano akajiweka tayari kuwaachanisha. Lakini macho ya dada yalikuwa yameangukia shingoni.

"Hiki nini?"

"Ganda. La ile risasi."

"Linauma?"

"Linauma."

"Na liume," alisema. Machozi aliyodhani yamekwisha yalikuwa yanamshuka. Akaanza kumfunga vifungo vya kola kimoja kimoja mpaka cha juu kabisa, kile kinachogusa kidonda, na koplo hakujikunyata. "Simama vizuri. Jeneza lake ni zito, na upande wa kushoto wamepungukiwa mtu."